Tuta la Asenath

Asubuhi ya Jumamosi moja mwezi wa Novemba, mwaka wa themanini na nne, Kisilu alimpalilia Asenath tuta lake bila kuambiwa. Aliifanya kazi hiyo kwa mapenzi na kwa uangalifu mkubwa, na alipomaliza hapakuwa na jani hata moja lililobaki. Tuta lilikuwa safi kama meza mpya. Alisimama akalitazama, akajifuta jasho kwa kiwiko, akaona kwamba siku hiyo amefanya jambo la maana.

Bustani yenyewe ilikuwa imeanzishwa na dada yake, Ndanu. Ndanu alikuwa mwalimu wa chekechea mtaani Mbotela, akiwafundisha watoto ndani ya ukumbi ambao jioni ulitumiwa kwa mchezo wa ngumi na Jumapili kwa mikutano ya wapangaji. Mwaka ule mvua ya masika haikunyesha. Huko kwao Ukambani mifugo ilikufa, na watu wengi wakawatuma watoto wao Nairobi kwa shangazi na wajomba, ili angalau wawe mahali palipo na duka. Vyumba vya Mbotela vikajaa. Unga uliopatikana ulikuwa ule wa njano uliotoka ng'ambo kwa meli, na wakati mwingine hata huo ulikosekana. Ndanu akaanza kuona watoto wakilaza vichwa juu ya meza kabla ya saa tano, si kwa utundu bali kwa njaa. Watoto wa shule ya msingi walikuwa wakipewa maziwa. Hawa wa Ndanu walikuwa bado wadogo, na maziwa hayo hayakuwafikia.

Basi Jumapili moja baada ya ibada akawazuia vijana nje ya kanisa.

"Nyuma ya ukumbi kuna uwanja mzima umelala bure," aliwaambia. "Nataka tulime mboga, watoto wale saa sita. Sina mshahara wa kumpa mtu. Anayetaka kuja aje na jembe."

"Na asiye na jembe?" mmoja akauliza.

"Aje na mikono."

Walikuja zaidi ya alivyotarajia. Walikuja Wakikuyu wawili ndugu kutoka Bahati, akaja Mjaluo aliyekuwa utingo wa lori, wakaja wasichana wa kwaya. Uwanja ule ulikuwa na chupa zilizovunjika, springi za vitanda, matairi, na mabati yaliyooza. Walitumia mwezi mzima wa Septemba kuusafisha kama watu wanaochambua mchele. Bwana mmoja wa Halmashauri alipita akawatazama, akasema wanaweza kulima mradi wasijenge, akaenda zake.

Kisilu naye alikuja, kwanza kwa sababu dada yake alimwamrisha. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, kijana mrefu asiye na maneno mengi. Alifanya kazi na baba yao, Mzee Mativo, aliyechonga vinyago katika karakana moja Pumwani. Baba alichonga, Kisilu akapiga msasa. Twiga wa mbao wangapi walikuwa wamepita mikononi mwake hakuna aliyejua, lakini twiga akitoka kwa Kisilu ungeweza kumpapasa kwa shavu usikwaruzwe. Alipenda kitu kikiwa laini, safi, kisicho na kitu cha ziada. Ukijua hilo utaelewa alichokuja kumfanyia Asenath.

Rafiki yake Wehliye alikuja kwa kumfuata yeye. Walisoma pamoja sekondari. Kwao kulikuwa Eastleigh Section Three, na mjomba wake, Magan, alikuwa na lori la kusafirisha mifugo. Siku ya kwanza Wehliye alilishika jembe kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa nyoka.

"Umeshika jembe namna gani?" Ndanu alimwuliza.

"Dada Ndanu, wallahi, katika ukoo wetu wote mimi ndiye wa kwanza kukishika hiki kitu. Nyanya yangu akisikia atalia."

"Atalia kwa nini?"

"Atasema nimefilisika."

Lakini wiki iliyofuata alirudi na lori la Magan likiwa na samadi mpaka juu, samadi nyeusi iliyooza vizuri, na tangu siku hiyo hakuna aliyemcheka tena kwa jinsi alivyoshika jembe. Walimpa tuta lake karibu na ukuta. Akasema hataki kupanda majani, majani ni ya mbuzi. Akapanda vitunguu.

Kisilu na Ndanu walipanda kunde na pojo, mistari ikiwa imenyoka kwa kamba. Ndugu wa Bahati wakapanda sukuma wiki na viazi. Asenath akachagua tuta la katikati.

Asenath alikuwa Mluhya wa Maragoli, mwenye miaka ishirini na mmoja, aliyekaa na shangazi yake Mbotela kwa sababu palikuwa karibu na kiwanda cha nguo alikoshona kola za mashati. Alikuwa na sauti nzito katika kwaya, na kicheko kilichotoka haraka kuliko alivyotaka, hata akawa na desturi ya kuweka kiganja mdomoni. Kisilu alikuwa amekisikia kicheko hicho tangu Pasaka. Alikuwa ametengeneza maneno ya kumwambia, akayapiga msasa, akayapiga tena, mpaka hayakubaki.

Siku ya kupanda, Asenath alikuja na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na mbegu ndogo kama baruti: saga, mrenda na mitoo, mboga za kwao. Mama yake alikuwa amezitunza mwaka mzima. Akazichanganya na mchanga, akazimwaga juu ya tuta kwa mkono kama mtu anayewalisha kuku.

"Bila mistari?" Kisilu aliuliza.

"Bila mistari."

"Utajuaje ni ipi?"

"Nitaijua," Asenath alisema, akacheka na kuweka kiganja mdomoni.

Mvua ya vuli ilikuja, na ilikuja kweli. Kila kitu kikaota kwa pamoja. Matuta mengine yalionyesha mistari yake. Tuta la Asenath likawa msitu mdogo wa kila aina ya jani. Kisilu alilipita kila jioni na kulihurumia. Kiwandani walikuwa na kazi nyingi ya kufunga mwaka, na Asenath alikuwa akibaki ovataimu. Maskini, hana wakati wa kupalilia, Kisilu aliwaza. Na Jumamosi hiyo akaamka mapema, akaenda, akapiga magoti.

Kisilu alizaliwa Nairobi. Mboga alizozijua zilikuwa za sokoni, zimefungwa mafungu. Alichokiona pale, kwa macho yake, kilikuwa magugu matupu. Akayang'oa yote kwa mkono, moja moja, ili asiumize ardhi. Wehliye alipokuja kumwagilia vitunguu vyake akakuta rundo zima la majani mabichi.

"Haya unatupa?"

"Chukua, uwapelekee mbuzi wa Magan."

Wehliye akayafunga kwenye gunia, akapanda baiskeli, akaenda.

Asenath alifika saa nane mchana, akiwa bado na nyuzi za kiwandani kwenye sweta. Kisilu alikuwa amemngoja, akijifanya anakaza waya wa ua. Asenath alitembea mpaka kwenye tuta lake, akasimama.

"Nani amelima hapa?"

"Ni mimi," Kisilu alisema. "Nimeona huna nafasi."

Asenath aliinama, akashika udongo, akauachilia. "Umelima vizuri," alisema kwa sauti ndogo. "Na mboga zangu umeziweka wapi?"

Kisilu alimtazama. Akalitazama tuta. Kisha akatazama upande wa Eastleigh, ambako gunia lilikuwa limekwenda.

"Zilikuwa mboga?"

Asenath hakupiga kelele. Kama angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alijipangusa mikono kwenye sketi, akageuka, akatoka kwa lango la ua akalifunga polepole nyuma yake. Wiki ile hakuja bustanini. Jumapili hakuja kwaya. Shangazi yake alisema amekwenda kwa wazazi wake Baba Dogo, na hakusema atarudi lini.

Nyumbani, Kisilu alihukumiwa na wote.

"Saga?" Mzee Mativo alisema, akiacha kula. "Uling'oa saga? Hata mama yangu aliipika. Si mboga ya Waluhya peke yao. Mimi nimelea mtoto wa aina gani, asiyejua chakula mpaka akione kwenye sahani?"

"Baba, hukuwahi kunionyesha."

Mzee akasogeza sahani kando, maana hilo lilikuwa kweli. "Basi nenda kwao," alisema. "Uombe radhi kwa aliyezitunza hizo mbegu. Na uende mwenyewe. Usitume mtu."

"Na uvae shati safi," Ndanu aliongeza. "Upeleke mkate na sukari. Mtu haendi kwa watu mikono mitupu."

Jumapili hiyo hiyo mchana Kisilu akaenda, na Wehliye akiwa kando yake, kwa kuwa alisema mbuzi ni wa kwao na lawama ni ya wote wawili. Wehliye alivaa kanzu yake ya Idi. Kisilu alivaa shati jeupe na tai ya baba yake. Walishuka basi Baba Dogo, wakauliza nyumba ya Mzee Javan anayefanya kazi kwenye kiwanda cha chuma, wakaelekezwa kwenye ploti yenye milango ya kijani.

Mzee Javan alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana. Alikuwa ameketi mlangoni kwa fulana, redio mapajani, akisikiliza mpira. Leopards walikuwa wakicheza, na kila baada ya muda alikuwa akiipiga redio kofi, kana kwamba golikipa yumo ndani.

"Hodi hapa, Mzee."

"Karibuni. Nyinyi ni wa kanisa?"

"Hapana, Mzee. Tumetoka Mbotela."

"Mbotela." Javan aliwatazama upya: shati jeupe, tai, kanzu, mkate, sukari. Akapunguza sauti ya redio.

"Tumekuja kwa sababu ya Asenath," Kisilu alisema.

Javan akaizima redio kabisa.

Aliwaingiza ndani, akawaonyesha viti, akavaa koti juu ya fulana. Chumba kilikuwa kimegawanywa kwa pazia la maua. "Khavere!" aliita. Mke wake akatokea nyuma ya pazia akijifuta mikono, mwanamke mnene wa sura ya upole. "Hebu keti hapa. Hawa vijana wana maneno."

Khavere naye aliiona tai. Akaketi haraka.

"Jina lako nani?" Javan aliuliza.

"Kisilu, Mzee. Kisilu wa Mativo."

"Mkamba."

"Ndiyo, Mzee."

"Na huyu?"

"Naitwa Wehliye, Mzee. Ni rafiki yake. Nimemsindikiza."

Javan aliitikia kwa kichwa. Kusindikizwa ni desturi, ingawa hakuwahi kusikia mtu akisindikizwa na Msomali. "Baba yako anajua umekuja?"

"Anajua. Yeye ndiye aliyeniambia nije mwenyewe, nisitume mtu."

"Hiyo ni ajabu. Sisi kwetu wazee ndio hutangulia."

Kisilu alishtuka. "Kwa jambo kama hili, Mzee?"

"Kwa jambo kama hili hasa! Ulifikiri ni mchezo?"

Kisilu akaona kumbe mbegu zile zilikuwa kitu kikubwa zaidi ya alivyodhani. Akainua uso akaamua kusema yote. "Mzee, Mama, mimi nimekosa. Sikatai. Nilitaka kumfurahisha Asenath, na sikumwuliza kwanza. Nilikuwa na haraka. Nikaharibu."

"Ukaharibu," Javan alisema polepole. Akasimama. "Ukaharibu nini?"

"Kila kitu, Mzee. Hakuna kilichobaki."

Khavere alishika kichwa kwa mikono miwili. Javan alipiga hatua moja mbele, na mikono yake, iliyozoea kuinua vyuma, ikajikunja. Hapo Wehliye akaelewa.

"Mboga, Mzee!" alipiga ukelele, akisimama katikati yao na mkate mkononi. "Mboga! Aling'oa mboga! Saga! Alidhani ni magugu, nami nikawapelekea mbuzi wakala!"

Kisha nyuma ya pazia pakatoka sauti, kama ya mtu aliyefunikwa mto, na pazia lote la maua likaanza kutetemeka. Asenath alikuwa huko jikoni muda wote. Khavere naye akaanza taratibu, mabega kwanza, halafu tumbo, mpaka akashika meza na machozi yakamtoka. "Saga!" alisema. "Mungu wangu, saga!"

Javan alibaki amesimama kwa muda na koti lake. Kisha akalivua, akaketi, akawasha redio. "Mmenikosesha goli," alisema, "kwa sababu ya mboga." Lakini baada ya kitambo alisogeza kiti ili Wehliye naye asikie vizuri.

Khavere aliwapikia chai, akaukata mkate wao wenyewe, akamweka Kisilu karibu naye.

"Ulizing'oa zikiwa na urefu gani?"

Kisilu alionyesha kwa kidole.

"Ulichimba kwa jembe?"

"Hapana, Mama. Kwa mkono tu."

"Sasa mbona mnaomboleza? Saga haioti yote siku moja. Mbegu nyingine bado zimelala humo. Uende umwagie maji, halafu hiyo mikono uiweke mfukoni." Akampiga kofi dogo begani. "Na ukitaka kumsaidia mtu siku nyingine, kwanza uliza. Hata Javan nilimfundisha hivyo, na alichukua miaka."

"Nasikia," Javan alisema bila kugeuka.

Jioni ilipokaribia, Asenath aliwasindikiza hadi kituoni. Wehliye alikuwa na akili ya kutangulia. Wawili hao walitembea wakiruka vidimbwi.

"Na wewe ulijua zitaota tena?" Kisilu aliuliza.

"Nilijua."

"Basi mbona uliondoka?"

Asenath hakucheka. "Kisilu, kiwandani naambiwa keti hapa, shona kola, usigeuke, hata chooni naomba ruhusa. Kwa shangazi naambiwa nitaingia saa ngapi na nitalala wapi. Sisemi ni vibaya, ndivyo ilivyo. Lakini lile tuta hakuna aliyenipangia. Nilipanda nilivyotaka. Nikirudi jioni nimechoka, hicho ndicho kitu nilichokuwa nikikifikiria njiani. Halafu nikaja nikakuta mtu amenipangia hata hapo."

Kisilu alitembea hatua kadhaa. Aliyasikia maneno hayo yakimwingia.

"Nilikuwa nafikiri nakufanyia wema," alisema mwishoni. "Kumbe nilikuwa najifanyia mwenyewe. Nilitaka unione."

"Nilikuwa nakuona tangu zamani," Asenath alisema. "Wewe ni mrefu."

Hapo ndipo kicheko kilipomtoka, na safari hii hakuweka kiganja.

"Naweza kukuuliza kitu?" Kisilu alisema.

"Uliza."

"Naweza kuja asubuhi nilimwagie maji tuta lako, kabla ya kwenda kazini?"

"Maji tu?"

"Maji tu."

"Basi njoo."

Kila asubuhi Kisilu alikuwa pale na mkebe wa mafuta aliotoboa matundu chini, akinyunyiza. Hakugusa kitu kingine. Baada ya siku chache ardhi ilianza kugeuka kijani. Kikaota kila kitu: saga labda, mrenda labda, na nyasi, na mambo mengine yaliyokuja na samadi ya Magan. Tuta likachafuka kuliko mwanzo. Watu waliopita wakamcheka.

"Mbona hung'oi hiyo nyasi?" Ndanu alimwuliza siku moja. "Hata mimi naiona ni nyasi."

"Sijaambiwa."

"Kisilu, hiyo ni nyasi!"

"Dada, niache. Nimekuja na maji."

Jumamosi Asenath alirudi. Aliliona tuta, akamwona na mkebe wake, akajua yote bila kuelezwa. Akapiga magoti, akamwita kwa kidole. "Njoo. Leta mkono." Akakichukua kidole chake cha shahada, kigumu kwa msasa, akakiweka juu ya jani. "Hii ni saga. Hesabu majani: matano, yametanuka kama mkono wa mtoto. Inanata kidogo. Nusa." Kisilu akanusa. Ilikuwa na harufu kali, ya kijani, isiyofanana na kitu chochote. "Hii ni mrenda, jani lina meno kando, na hapa chini lina vindevu viwili. Hii ni mitoo. Na hii ni nini?"

"Mitoo?"

"Nyasi, Kisilu."

Walicheka mpaka ndugu wa Bahati wakainua vichwa. Walishinda hapo mchana wote, Asenath akisema jina, Kisilu akiuliza kabla ya kung'oa kila jani, hata Asenath akachoka kuulizwa. "Sasa ng'oa bila kuniuliza," alimwambia jioni. "Umejua." Kisilu akang'oa moja. Ikawa saga. Asenath akaifukia tena kwa upole, akakandamiza udongo kwa kidole gumba.

Mboga za kwanza zilivunwa wiki ya mwisho kabla ya watoto kufunga shule. Khavere alikuja kutoka Baba Dogo siku moja mapema kuonyesha namna ya kupika, akiwa na leso kichwani na amri nyingi mdomoni. Alizionja, akakunja uso.

"Chungu mno kwa mtoto," alisema. "Hizi hutaka maziwa. Maziwa mengi, zilale ndani yake mpaka kesho. Nani ana maziwa?"

Kwa mwaka kama ule, maziwa ya sufuria nzima hayakuwa jambo la kuuliza hivi hivi. Wehliye akasimama, akaitafuta baiskeli yake. Alirudi jioni akiisukuma, madumu mawili yakiwa yamefungwa kwa mpira, na nyuma yake nyanya yake mwenyewe, mama mkongwe mwembamba aliyejifunika shuka, ambaye alikuwa amekataa kutoa maziwa bila kwanza kuona yanakokwenda. Alizunguka matuta yote kwa fimbo. Alisimama mbele ya vitunguu vya mjukuu wake, akasema maneno kwa Kisomali.

"Anasemaje?" Ndanu aliuliza.

Wehliye alikuwa amejaa haya. "Anasema vimenenepa."

Kisha mama mkongwe akamwendea Khavere penye sufuria. Hawakuwa na lugha ya pamoja isipokuwa Kiswahili kidogo cha sokoni, lakini wakaketi pamoja kwenye benchi moja, mmoja akimimina, mwingine akikoroga, kila mmoja akitoa ushauri ambao mwenzake hakuuelewa.

Kesho yake saa sita watoto walinawa mikono kwenye karai, wakaketi sakafuni ukumbini. Ugali ulikuwa wa njano, saga ilikuwa laini na ya maziwa, kunde zilikuwa kando, na vitunguu vya Wehliye vilikuwa vimekaangwa ndani ya kila kitu. Mtoto mmoja alionja, akafikiri, akaonja tena. Kisha wote wakainamia sahani zao. Ndanu alisimama mlangoni akiwatazama, na alipoona Kisilu anamtazama yeye, akajifanya anatafuta kijiko.

Mzee Javan alikuja pia, akitoka zamu ya usiku, macho mekundu. Alisema amepita tu. Alikula sahani mbili akiwa amesimama.

"Na wewe, kijana?" alimwuliza Wehliye. "Hujala majani?"

Wehliye alichukua tonge kwa uangalifu, akatafuna muda mrefu. "Si mbaya," alisema. "Ikitiwa nyama itakuwa chakula."

Watoto walipoondoka na watu wengine wakatawanyika, Kisilu na Asenath walibaki kwenye bomba nyuma ya ukumbi kuosha sufuria kubwa iliyokopwa kanisani. Ilikuwa imeshika chini. Kisilu aliisugua kwa mchanga na majivu, akiingiza kichwa na mabega yote ndani, akitafuta kila doa. Asenath alimwagia maji.

"Imetosha," alisema. "Imeng'aa."

"Bado kuna pahali." Sauti yake ilitoka ndani ya sufuria kama ya mtu aliye kisimani. Kisha mkono ukasimama. "Asenath."

"Naam."

"Nakupenda. Nimekuwa nikitaka kusema tangu Pasaka."

Asenath alisimama na ndoo yake. Maji ya bomba yaliendelea kumwagika kwenye viatu vyake naye hakuyaona.

"Toka humo ndani kwanza," alisema, "uniambie nikikuona uso."

Kisilu akatoka. Alikuwa na masizi kwenye paji la uso na kwenye pua, na shati lake limelowa. Akayasema tena, polepole, bila kupunguza neno. Asenath alifunga bomba, akachukua pindo la leso yake, akaanza kumpangusa masizi, kwanza paji, halafu pua, akichukua muda wake.

"Simama vizuri," alimwambia. "Nami nitakujibu nikimaliza."